Mvua juu ya bati: siku tatu za kupiga filamu ya chuo kwenye njia ya Tukuyu

Nyumba ya bibi ilikuwa na paa la bati na haikuwa na dari. Tuliliona hilo mwezi wa pili, tulipopanda kutafuta mahali pa kupigia filamu yetu, na tukalisifia. Kenchi zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka, na mwanga wa dirisha la mashariki ulizipiga vizuri kiasi kwamba mpiga picha wetu alisimama katikati ya sebule, kimya. Daftari langu la siku ile linasema: "Sebuleni, mwanga mzuri hadi saa nne asubuhi. Bibi yuko tayari." Jua lilikuwa linawaka. Kuhusu bati sikuandika kitu.

Nilikuwa mtayarishaji wa filamu hiyo, kwa hiyo kufikiria yale yanayoweza kwenda vibaya ilikuwa kazi yangu kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Nimekaa na kisa hiki muda mrefu. Kila ninapokutana na vijana wanaojiandaa kupiga filamu ya chuo, hapa Mbeya au kule Iringa, naona karatasi ileile tuliyoiandika sisi: safu ya kushoto hatari, safu ya kulia hatua. Yetu ilikuwa safi. Mwalimu aliisaini. Mvua ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, na mvua ndiyo iliyotuangusha.

Tulivyojipanga

Tulikuwa tisa. Filamu ilikuwa ya dakika 12: bibi mkulima wa viazi anakataa kufunga lumbesa, mjukuu wake anadaiwa ada, lori la mnunuzi linasubiri barabarani. Kwa asiyeifahamu, lumbesa ni gunia linalojazwa hadi mdomoni kisha likashonewa kilemba cha viazi juu yake, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Hadithi kama hiyo huwezi kuipiga nyuma ya soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, ukategemea watu wa milimani wakuamini. Ilihitaji mashamba ya mteremko, udongo mweusi na ukungu. Tukachagua kijiji kimoja juu ya Isongole, ukitoka Uyole kwa njia ya Tukuyu, kabla hujafika Kiwira. Tuliomba kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania, tukapeleka barua kwa mtendaji wa kijiji, tukakaa na mwenyekiti wa kitongoji tukamsomea hadithi yote. Bibi mwenye nyumba ndiye aliyekubali kuwa bibi wa filamu, na hatukupata mwigizaji bora kuliko yeye.

Mwezi ndio uliokuwa mgumu. Chuo kilitaka filamu mwishoni mwa mwezi wa tano, mwezi wa tatu ulijaa mitihani, ikabaki wikiendi moja ya mwezi wa nne. Mtu yeyote wa Rungwe atakuambia maana yake. Upepo wa kusini-mashariki hupita juu ya Ziwa Nyasa na kubeba unyevu. Ukiikuta milima ya Rungwe na Uporoto hulazimika kupanda, hupoa, na kumwaga ulichobeba. Mwezi wa nne humwaga bila hesabu. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa tuliufuatilia kila jioni, na ni wa kuufuatilia, ila huo ni wa eneo pana. Kule juu mteremko mmoja unaweza kuwa na jua na wa jirani yake usionekane kwa ukungu.

Kwa hiyo mvua tuliiogopa na tukaiandalia. Sini, yaani vipande vya hadithi, saba zilikuwa za nje, shambani na barabarani. Nne zilikuwa ndani ya nyumba ya bibi, na humo ndimo mazungumzo karibu yote yalimokuwa. Karatasi ikasema: ikinyesha, tunaingia ndani. Nyumba haina umeme: tunabeba jenereta dogo. Usafiri: Noah ya kukodi, ikikwama kuna bodaboda. Kazi iliyopigwa: nakala mbili, kwenye diski mbili. Mwigizaji akiumwa: tunageuza ratiba.

Tisa tuliisoma karatasi ile, wa kumi akaisaini, na hakuna hata mmoja aliyesikia mlio wa mvua ndani ya mstari wa kwanza.

Ijumaa

Ijumaa tulifika saa mbili asubuhi, mawingu juu lakini ardhi imekauka kiasi cha kukanyagika. Kuanzia saa tatu hadi ukungu uliposhuka saa nane tulipata saa tano za ukavu. Mbili za kwanza tulizitumia chini ya upenu wa nyumba, tukipiga mikono ya bibi ikishona gunia: sindano, uzi, vidole. Mwongozaji alitaka bibi aizoee kamera taratibu kabla ya kumpeleka shambani mbele ya watu, na sababu hiyo ilitokana na kumheshimu. Lakini picha za chini ya upenu zingepigwa hata gharika ikishuka. Tulikula ukavu kwa kazi isiyohitaji ukavu. Jioni tulikuwa na sini tatu za nje kati ya saba, nasi tulifurahi, kwa sababu zilikuwa nzuri. Ya lori ilibaki.

Jumamosi

Mvua ilianza usiku. Saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa bado inashuka, ile mvua nzito isiyo na upepo ambayo haionyeshi dalili ya kuchoka. Hatukushtuka, karatasi ilikuwa na jibu. Tukaingiza taa, tukapanga sebule, bibi akakaa kwenye kigoda chake. Kijana wetu wa sauti akavaa spika za masikioni, akanyoosha ile fimbo yenye maiki juu ya kichwa cha bibi, akasikiliza, akaishusha.

"Simsikii bibi," alisema. "Nasikia bati."

Hapo inafaa kueleza, kwa sababu wengi hudhani ni suala la maiki bora. Maiki ya fimbo huelekezwa kwa msemaji na kupunguza sauti za pembeni. Ndani ya chumba chenye bati tupu hakuna pembeni: paa lote linapiga kelele, na kuta zinairudisha. Dawa pekee ni kusogea. Maiki ikitoka mita moja hadi nusu mita kutoka mdomoni, sauti ya msemaji hupanda kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ya mvua ikabaki palepale. Tukamfungia bibi maiki ndogo ya kifuani chini ya kitenge. Maneno yakaanza kusikika, lakini likazuka jambo lingine ambalo sikulitarajia. Bibi, kama mtu yeyote anayeongea chini ya bati linalonyeshewa, alipaza sauti. Sini ilikuwa ya mjukuu kumnong'oneza bibi yake kwamba ameshachukua pesa za mnunuzi, na wawili hao wakawa wanapigiana kelele. Mwongozaji akawaomba washushe sauti, wakashusha, tukabaki na bati tena.

Tulijaribu kutundika mablanketi ukutani. Yalipunguza mwangwi, paa likabaki paa. Mmoja akapendekeza tusafishe sauti baadaye kwenye kompyuta, lakini mlio wa mvua umesambaa kuanzia masafa ya chini hadi ya juu, ukikaa juu ya sauti ya mtu kama unga juu ya mkeka, na ukiukung'uta sana sauti yenyewe inatoka na vipande. Mwingine akasema bibi arekodiwe upya studioni akifuatisha midomo yake mwenyewe. Waigizaji wazoefu huliweza hilo kwa taabu, na bibi hakuwa ameigiza kabla ya Ijumaa. Wa tatu alitaka kupanda kutandaza magunia juu ya bati. Lingepunguza kelele kweli. Nilikataa kwa sababu bati lilikuwa linateleza, na ninashukuru nilikataa, maana ndio uamuzi pekee nilioutoa kwa wakati siku ile.

Sasa jenereta. Ijumaa lilikuwa mbali, nyuma ya ua wa mabingobingo, halisikiki na halimdhuru mtu. Jumamosi lisingeweza kukaa kwenye mvua, na hatukubeba turubai la kulitengenezea kibanda. Mmoja wetu, kwa nia njema na bila kumuuliza mtu, alilibeba hadi kwenye jiko la nje, akaliwasha humo, akaurudishia mlango ili maji yasiingie na kelele zipungue. Dakika kama kumi baadaye nilikwenda kuchukua chai. Nikafungua mlango. Kitukuu wa bibi, mtoto wa miaka kama sita, alikuwa amechuchumaa karibu na mafiga akiota moto, kwa sababu hapo ndipo watoto wa nyumba ile hukaa mvua ikinyesha. Aliniambia kichwa kinamuuma.

Nilimtoa nje mikononi nikiwa natetemeka, mwenzangu akazima mashine, tukafungua kila kitu. Mama yake alimpeleka zahanati, akaangaliwa, na mchana alikuwa anakimbiza kuku. Lakini nataka kila kijana anayebeba jenereta kwenda kupiga filamu alijue hili kabla hajawasha. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Harufu unayoinusa ni ya vitu vingine vilivyomo kwenye moshi. Hewa hiyo inapoingia kwenye damu inakamata mahali pa oksijeni na haiachii haraka. Kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi ni dalili zake, na anayesinzia nayo anaweza asiamke. Kufungua mlango au dirisha hakutoshi. Jenereta haliingii ndani ya nyumba, jikoni, stoo wala barazani, na likiwa nje liwe angalau mita 6 kutoka kwenye mlango au dirisha lolote, mdomo wa moshi ukitazama kwingine. Mvua ikinyesha, litafutiwe kibanda kilicho wazi pande zote, au lizimwe.

Mvua haikumgusa mtoto yule. Jibu letu kwa mvua ndilo lililomfikia.

Baada ya hapo tukangoja. Kuanzia saa tatu na nusu hadi saa saba watu tisa tulikaa sebuleni tukisikiliza bati. Mwongozaji alidhani mimi ndiye mwenye kuamua kama tunaahirisha. Mimi nilidhani, kwa kuwa sini ni zake, neno ni lake. Mwalimu hakupatikana kwa sababu mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Hakuna aliyekuwa mzembe. Kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake, na saa tatu na nusu za siku yetu ya pili zikaondoka hivyo. Mvua ilipokatika tulikimbia shambani, tukapata sini moja.

Kwenye saa kumi jioni tukasikia kilio kutoka nyumba ya tatu.

Mzee wa nyumba ile alikuwa mgonjwa muda mrefu. Bibi alikuwa ametuambia Ijumaa wakati wa chai: "Jirani yetu hajiwezi, wajukuu zangu. Tumuombee." Tulisema pole bibi, tukaendelea kunywa chai. Tulilisikia kama habari yake, halikutupitia akilini kwamba ni habari yetu pia. Sasa bibi alijifunga khanga na kutoka bila kutuangalia, kama ilivyopasa. Mwenyekiti alipokuja kutuambia, "Wanangu, leo na kesho hapana," kamera ilikuwa imeshaingia begini. Jumapili tuliteka maji, tukabeba kuni, tukatoa rambirambi yetu na kukaa na watu. Kibali chetu kilikuwa cha siku tatu, na hiyo ndiyo ilikuwa ya tatu.

Tulipokuwa tunashuka Jumamosi usiku kutafuta pa kulala, Noah iliteleza ikaingiza tairi kwenye mfereji na maji yakaingia sakafuni. Diski zote mbili zilikuwa kwenye begi moja, hapo chini. Kijana wa sauti alikuwa amezifunga kwenye nailoni kwa hiari yake. Ni yeye aliyetuokolea kazi ya siku mbili.

Kilichokuwa kibovu

Mkononi tulikuwa na sini nne za nje kati ya saba, na za ndani hata moja hatukuwa nayo. Ukiwauliza wenzangu watakuambia ni mvua na msiba. Sikubaliani nao, na tumelizungumza hili mara nyingi. Mvua ya mwezi wa nne Rungwe si ajali. Ubovu ulikuwa kwenye safu ya kulia ya karatasi.

Itazame tena. Mvua ikituzuia nje, tunaingia kwenye nyumba ambayo mvua hiyohiyo inaiharibu. Taa za ndani zinategemea jenereta ambalo mvua hiyohiyo inalifukuza mahali pake. Noah ikikwama kwenye tope kuna bodaboda, lakini bodaboda zinapita kwenye tope hilohilo, na haziwezi kubeba watu tisa na stendi za taa. Nakala ni mbili, begi ni moja. Bibi akipatwa na jambo tunageuza ratiba, wakati bibi yuko karibu kwenye kila sini, na nyumba ni yake. Tulikuwa na mistari mitano ya tahadhari na yote ilikuwa imesimama kwenye mguu mmoja. Baya lililokuwa linauvunja mpango wa kwanza lilikuwa tayari limeushika na wa pili.

Swali ambalo sikuliuliza, na ambalo sasa nalipeleka kwa kila kundi linaloniita, ni jepesi kulitamka: likitokea hilo unaloliogopa, hiki unachokikimbilia kitakuwa katika hali gani saa hiyohiyo? Huwezi kulijibu ukiwa umekaa hosteli. Nyumba ya kukimbilia mvua ikaguliwe siku ya mvua. Ikishindikana, mwombe mwenye nyumba ruhusa, mwagia bati ndoo ya maji, na mtu mmoja awe ndani na simu akirekodi mwenzake anayenong'ona. Hiyo ingetuchukua dakika tano mwezi wa pili.

Huwa naambiwa wanafunzi hawana hela ya kuwa na njia mbili. Najua, mchango wetu ulitoka mifukoni mwetu, na Noah ya Jumapili tuliilipia ikiwa imeegeshwa msibani. Lakini vilivyotukosesha havikuwa vya hela. Shangazi wa mmoja wetu alikuwa na nyumba Uyole yenye dari ya silingibodi, na hakuna aliyemuuliza. Kuanza na picha zinazohitaji ukavu na kuweka akiba za chini ya upenu kwa siku mbaya, ni kupanga tu. Kumuuliza mwenyekiti kama kuna mgonjwa, harusi, mnada au mkutano wa kijiji siku hizo, ni adabu ambayo tulipaswa kuwa nayo hata bila filamu. Diski moja ingepanda begani mwa mtu mwingine.

Na saa. Sasa tunaandika juu ya ratiba ya kila siku kitu tunachokiita saa ya kukata: ikifika saa nne mvua haijaacha, tunahamia mahali fulani, na anayetamka ni mtayarishaji, hata kama mwongozaji yuko katikati ya sini anayoipenda. Hasa akiwa katikati ya sini anayoipenda. Uamuzi huo unafanywa wiki moja kabla, watu wakiwa wameshiba na hawana baridi. Kwa jambo la usalama hakuna ngazi: mdogo kuliko wote akisema simameni, kamera inasimama, na maswali yanafuata baadaye.

Tulivyomaliza

Hatukumpigia bibi simu. Tulisubiri apige yeye, akapiga baada ya siku tisa, akauliza kama bado tunamhitaji. Tuliomba tarehe mpya za kibali, tukamwandikia mtendaji upya. Sini mbili za ndani mwongozaji alizibadilisha zikawa hazina neno hata moja: bibi na mjukuu sebuleni, gunia katikati yao, na mvua juu ya bati tukaiacha inguruke, kwa sababu sasa tulikuwa tumekwenda kuitafuta. Tulizipiga kwa mwanga wa dirisha tu, jenereta lilibaki Mbeya. Mbili za mnong'ono tulizipigia kwa shangazi, Uyole, tukiwa tumebeba kigoda cha bibi, kitambaa chake cha meza na ubao mmoja wa dirisha ili macho yasishtuke. Saa sita mvua ikaanza. Kijana wa sauti akasikiliza, akamwangalia bibi, akaitikia kwa kichwa kwamba tuendelee.

Sini ya lori haimo kwenye filamu. Mwenye lori alikuwa ametupa Ijumaa peke yake, baada ya hapo alikuwa safarini na mzigo. Linasikika tu likinguruma nje wakati bibi anashona gunia, sauti tuliyoirekodi kando ya barabara kuu alfajiri moja. Mpiga picha wetu bado ana kwenye simu yake picha aliyoipiga akiwa chini ya upenu, akimwacha bibi kwa muda: barabara, ukungu haujashuka, lori la viazi limeegeshwa kwenye kona likitusubiri, saa tatu na dakika ishirini asubuhi.